BTP ya darasa la awali bila kutoka jasho: mwongozo kamili kwa wanachuo

Kila wanachuo wakirudi kutoka BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) meseji zinamiminika na zinafanana kama mapacha: "Madam nimefundisha vizuri kabisa lakini asesa kanipa alama za ajabu." Asesa ni mkufunzi anayekuja kuwapima darasani. Nikisema haya nipigie picha andalio lako (mpango wa somo) nilione, naona kosa lile lile. Upande wa vitendo vya mwalimu umejaa mpaka karatasi inalia, upande wa vitendo vya mwanafunzi kumeandikwa "kusikiliza" na "kujibu maswali", basi. Huyo mtoto ana miaka mitano jamani, wengine minne, anasikiliza nini dakika ishirini?

Huu mwongozo ni kwa wanaosoma astashahada au stashahada ya elimu ya awali Tanzania na wanakaribia kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mi mwenyewe niko darasa la awali na napokea wanachuo, so naandika ninachokiona kila mwaka. Wa Kenya mnaofundisha PP1 na PP2 (madarasa ya awali ya huko) fomu zenu zina majina mengine ila mtoto ni yule yule, someni tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda basi

- Mtaala na muhtasari wa elimu ya awali unaotumika sasa. Mtaala uliboreshwa 2023, na bado kuna watu wanabeba fotokopi za 2016 walizorithi kwa kaka zao. Ingia maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania upakue wa sasa, au uchukue maktaba ya chuo.
- Fomati ya andalio na azimio la kazi (mpango wa kufundisha wa wiki zako zote) ya chuo CHAKO. Majina ya hatua yanatofautiana kidogo, usikopi la rafiki yako wa chuo kingine.
- Kaunta buku mbili, moja ya maandalio na moja ya kuwaandika watoto (nitaeleza hatua ya 6).
- Manila chache, maka peni, mkasi, selotepu, rula, kamba.
- Takataka zenye faida: vifuniko vya plastiki vya chupa za maji, kama mia tatu na ishirini hivi au zaidi, maboksi, mifuko ya saruji, vijiti, mabunzi. Anza kukusanya mwezi mzima kabla, waambie wenye genge na mama lishe wakuwekee.
- Kanga moja ya zamani na kaptula mbili tatu za mtoto. Kuna siku utanishukuru.
- Nguo ya kukalia chini. Sketi ya kubana inakufanya usimame mbele kipindi kizima, na mwalimu wa awali anayesimama mbele tu amekwisha.

## Hatua ya 1: Siku tatu za kwanza, tazama

Ukifika utaripoti kwa mwalimu mkuu, utapelekwa kwa mtaaluma (mwalimu wa taaluma), utakabidhiwa darasa, na mwenye darasa atafurahi kupumzika. Hapo ndo wengi wanaruka moja kwa moja kufundisha. Omba siku tatu, ukinyimwa tatu omba mbili, ukae nyuma na daftari.

Andika haya: watoto wangapi wanakuja kweli, maana rejista na darasa ni vitu viwili. Lugha gani wanaongea wakicheza, kama uko kijijini Shinyanga au Kigoma kuna mtoto Kiswahili anakisikia kwako kwa mara ya kwanza, anajua kuhesabu vizuri tu ila kwa Kisukuma au Kiha. Nani haongei kabisa. Nani anageuza kichwa upande mmoja ukiita, huyo inawezekana sikio moja halisikii, mkalishe karibu. Choo kiko wapi na mtoto anatumia muda gani kwenda na kurudi. Wanakula saa ngapi, au hawali.

Sababu yake ni hii: sera inasema mwalimu mmoja watoto 25, we unaweza kukuta 90 chini ya mwembe. Andalio ulilotunga chuoni kwa watoto 25 wa kufikirika litakufia mkononi siku ya kwanza.

Utajua umefaulu kama siku ya tatu unaweza kutaja majina ya watoto ishirini bila kuangalia popote. Nasema kweli, majina ndo nidhamu. Ukimwita mtoto "we wa shati la kijani" umeshampoteza.

## Hatua ya 2: Azimio la kazi, lisikuchukue wiki

Hapa sitakaa sana. Chukua muhtasari, chukua kalenda, toa siku za mitihani na sikukuu, gawa shughuli kwenye wiki zako, mpe mtaaluma asaini. Onyo moja tu: muulize mwenye darasa ameishia wapi. Kuna mwanachuo aliwahi kuja kwangu na azimio linaanza na irabu wakati watoto wapo kwenye silabi, wiki nzima wakawa wanamsahihisha yeye.

## Hatua ya 3: Andalio, anza na mikono ya mtoto

Hii ndo yenyewe. Kabla hujaandika chochote jibu swali moja: kila mtoto atashika nini na atakifanya nini? Ukishapata jibu, jaza kwanza safu ya vitendo vya mwanafunzi, halafu ndo urudi ujaze ya mwalimu. Watu wanaanza na ya mwalimu ndo maana ya mtoto inabaki na "kusikiliza".

Tuchukue mfano. Unataka watoto waijue 4. Lengo lako usiandike "mtoto aelewe namba 4", kuelewa huwezi kukuona kwa macho. Andika "mtoto aweze kuhesabu vitu 4 kwa kugusa kimoja kimoja na kuchagua kadi ya namba 4". Hiyo asesa anaiona akiwa amekaa kwenye kiti chake nyuma.

Kipindi ni kifupi, dakika 20, basi kigawe hivi:

Dakika 3 za kuanza. Wanapiga makofi manne, wanaruka mara nne, wanaonyesha vidole vinne.

Dakika 7 za kitu kipya. Kila kundi lina kapu la vifuniko. Mwalimu anatoa kimoja kimoja kwake, watoto wanatoa kimoja kimoja kwao, wanagusa huku wanahesabu.

Dakika 7 za wao kufanya wenyewe. Kila mtoto anapanga vifuniko vinne kwenye duara alilochora chini, anatafuta kadi ya 4 katikati ya kadi za 2, 3 na 4.

Dakika 3 za kufunga. "Niletee vijiti vinne." Wanaleta.

Sasa sikiliza vitu viwili ambavyo vinapita kimya na ndo vinavyokutofautisha na mwanachuo aliyekuja kuzurura.

Cha kwanza, mtoto anaweza kuimba moja mbili tatu nne tano bila kosa na bado hajui kuhesabu. Mwangalie kidole. Mdomo umefika tano kidole kiko kwenye kifuniko cha tatu. Au anagusa vizuri mpaka nne, ukimuuliza "kwa hiyo viko vingapi?" anaanza kuhesabu upya kuanzia moja, maana yake bado hajashika kwamba namba ya mwisho ndo jibu. Kwenye safu ya upimaji andika hasa hilo swali, "viko vingapi?"

Cha pili ni Kiswahili chetu wenyewe. Mtoto anahesabu "mbili" lakini vifuniko ni "viwili" na watoto ni "wawili", anahesabu "nne" lakini vijiti ni "vinne". Sita, saba na tisa hazibadiliki, nane inabadilika. Kwa anayeongea Kiswahili nyumbani hiyo siyo ishu, ila kwa anayejifunza lugha na hesabu siku moja ni mtihani kweli kweli, so sema zote mbili kila mara: "moja, mbili, tatu, nne, vifuniko vinne."

Kwa kusoma kanuni ni hiyo hiyo. Anza na sauti ya herufi, achana na jina lake. Ukimfundisha kwamba ile ni "em" halafu umwambie em na a inasoma "ma", mtoto atakutazama tu. Mwambie "mmmm", kama ng'ombe, halafu "a", halafu "ma". Na kwa kuandika usikimbilie daftari, waanze na mistari ya kusimama, ya kulala, ya mshazari, miduara, hewani, kisha kwenye mchanga, kisha kibao. Mtoto anayegeuza b na d kwenye umri huu hajafeli, mkumbushe uende zako.

Onyo: usinakili andalio la jana ukabadilisha tarehe. Asesa akifungua kaunta buku anaanzia kwenye tathmini, akikuta "somo limeeleweka vizuri" mara kumi na tano mfululizo ameshakujua.

## Hatua ya 4: Zana, nyingi na mbovu kuliko moja nzuri

Kila mwaka namuona mwanachuo amekesha anachora tembo wa rangi kwenye manila, tembo mzuri mpaka unataka kumpeleka kwa fundi fremu, anambandika ukutani. Watoto 80 wanamtazama kwa sekunde tatu na habari imeishia hapo. Ile manila moja ungeikata kadi za namba ukapata arobaini.

Kanuni yangu ni kwamba zana ihesabike kwa mikono inayoishika. Una watoto 80, makundi 10, basi unataka makapu 10 yenye vifuniko visivyopungua 32 kila moja, vinne kwa kila mtoto. Makapu ni maboksi ya kukata. Chati kubwa ziandike kwenye karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ni ngumu kuchanika na ni bure, ila kung'uta vumbi nje na mbali na watoto. Gundi pika uji mzito wa unga wa ngano. Udongo wa mfinyanzi kama upo jirani ni mali, mtoto anayefinyanga anakaza vidole vitakavyoshika penseli baadaye.

Na sasa onyo kutoka kwangu mwenyewe. BTP yangu ya kwanza nilipeleka maharage ya kuhesabia. Hesabu ilienda vizuri mno, nilikuwa naanza kujisifia, nikasikia mtoto analia, harage limeingia puani na alivyojaribu kulitoa akalisukuma ndani. Tulikwenda nae zahanati mguu kwa mguu huku mwalimu mkuu akiniangalia bila kusema neno. Tangu siku hiyo kitu chochote kinachoweza kupita puani au kooni hakiingii darasani kwangu. Vizibo vya soda vya bati navyo viache, ukingo unakata. Vifuniko vya plastiki vioshe kwa sabuni kwanza, maana kuna mmoja lazima atavitia mdomoni.

## Hatua ya 5: Panga darasa kabla hujafungua mdomo

Chuoni umefundishwa kona za ujifunzaji, kona ya hisabati, ya lugha, ya nyumbani, ya sanaa, zote. Halafu unafika unakuta chumba kimoja kina madawati ya darasa la pili na hakuna pa kuweka hata mguu. Usikate tamaa na usiandike kwenye ripoti kwamba kona haziwezekani. Fanya kona za boksi: kila kona inaishi ndani ya boksi lake, asubuhi unaitoa, kipindi kikiisha inarudi. Kona ya duka ni maboksi matupu ya dawa ya meno na chumvi, kona ya nyumbani ni vifuu na kipande cha kanga.

Makundi yasizidi watoto nane, kila kundi na kiongozi mmoja anayegawa na kukusanya vifaa. Wabadilishe viongozi kila wiki.

Maji ya kunawa yawe karibu na mlango. Kibuyu chirizi ni dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia, unakitengeneza nusu saa, na asesa akikiona hana cha kukuuliza kuhusu usafi.

Kuhusu fimbo: usishike, hata ukiona wengine wanashika. Kanuni za adhabu ya viboko zinasema ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa nae kwa maandishi, we mwanachuo humo haumo. Na kwa mtoto wa awali haisaidii chochote, atanyamaza leo na kesho atajificha chooni usiweze kumfundisha. Darasa likichemka shusha sauti, cheza mchezo wa kuganda kama sanamu, au toka nao nje.

## Hatua ya 6: Daftari la watoto

Hili ndo linalopuuzwa kuliko yote, na ndo linaloonyesha kama umesoma malezi na makuzi au umesoma ualimu tu.

Chagua watoto watano. Mmoja anayeelewa haraka, wawili wa kawaida, mmoja anayesuasua, mmoja asiyeongea. Kila siku andika mistari miwili ya kila mmoja, kile ulichokiona kwa macho tu. "Mtoto B mvivu" ni hukumu. "Mtoto B, saa 2 na nusu, alihesabu vifuniko vitatu, akaacha, akalaza kichwa mezani" ni rekodi. Ukiisoma hiyo ya pili siku nne mfululizo utaona analala saa ile ile, utauliza, utaambiwa hajala tangu jana jioni. Hapo shida umeijua na si ya hesabu.

Usiandike majina kamili, tumia herufi, na picha za watoto usizirushe status. Najua wanapendeza. Usirushe.

Jaribu na hili, linafurahisha: chukua chupa mbili zinazofanana, jaza maji sawa mbele ya mtoto, akubali kwamba ni sawa, halafu mwaga moja kwenye sufuria pana. Muulize wapi kuna maji mengi. Wengi watakuonyesha chupa maana "yamepanda juu". Huyo ndo Piaget uliyemkariri kwa ajili ya mtihani, ile hatua yake ya miaka 2 mpaka 7, anakujibu mbele yako kwa sauti ya mtoto. Liandike kwenye tafakuri yako ya siku, linaonyesha nadharia imekuingia.

## Hatua ya 7: Siku asesa anaingia

Hatakupigia simu, au atapiga akiwa getini. Kwa hiyo kila siku iwe siku yake.

Ukimuona usibadilishe somo. Kuna mtu alikuwa anafundisha vizuri kabisa nje na udongo, alipomuona mkufunzi akawarudisha watoto mbio ndani akaanza kuwaimbisha ubaoni, alipoteza alama kwa woga wake mwenyewe.

Msalimie, watoto wamwamkie, mpe kiti nyuma, mkabidhi faili lenye azimio, maandalio, na daftari la watoto, kisha msahau. Piga magoti kwenye makundi, zunguka. Mtoto akijibu vibaya usiseme "hapana, nani anajua?", muulize "umepataje?" maana hapo utaona amekosea wapi, na asesa anaandika hiyo.

Mtoto akijikojolea, na atajikojolea siku hiyo hiyo, hapo ndo kanga na kaptula zako. Mtoe kimya kimya, wengine waendelee na vifuniko, rudi. Niliwahi kumsikia mkufunzi anasema hapo ndo alijua yule binti ni mwalimu.

Muda ukiisha na hujamaliza, funga. Dakika 20 ni 20. Kuvusha muda ni kosa kubwa kuliko kubakiza.

Mrejesho wake uandike neno kwa neno, usijitetee, halafu andalio la kesho yake lionyeshe umebadilisha kitu. Akija mara ya pili ndo anachotafuta.

Utajua kipindi kimekaa sawa kwa kelele. Darasa la awali zuri lina mvumo kama soko dogo, mikono inafanya kazi, na wewe huonekani mbele. Kukiwa kimya kabisa, kuna kitu umeharibu.

## Hatua ya 8: Kuondoka

Wiki ya mwisho waambie watoto mapema, wahesabu siku pamoja na wewe kwa vifuniko, mara 5 zimebaki, mara 4. Mtoto anayeachwa ghafla na mtu aliyemzoea anaweza kusumbua wiki nzima na mzigo unabaki kwa mwenye darasa.

Hakikisha fomu zimesainiwa na kupigwa muhuri kabla mwalimu mkuu hajasafiri kwenda halmashauri, hili limewatesa wengi. Piga fotokopi ya kila kitu ubaki nayo.

Yale maboksi ya kona na makapu ya vifuniko usiondoke nayo. Yaandike majina, yapange kwenye kona kavu ambako mchwa hawafiki, mwonyeshe mwenye darasa lipi ni lipi. Jumatatu atakuwa peke yake na watoto tisini.